Wanaodai nafuu ya mikopo wasikilizwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwatetee wanafunzi wa vyuo wanaodai nafuu ya madeni ya mikopo. Wapo wanaowaita wakorofi. Si haki. Tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka juu ya mikopo ya elimu ya juu, Rais Samia alitangaza kuifuta Mei Mosi 2021, baada ya malalamiko ya muda mrefu. Kule Marekani, wanafunzi 15 wa vyuo vya kampuni ya Corinthian waligoma kulipa mwaka 2015. Ilipofika 2022 serikali ikafuta madeni ya watu 560,000 waliosoma vyuo hivyo.

Mwanangu anasomesha skuli hapa Wete. Asilimia 15 ya mshahara hukatwa kabla hajaushika, ndipo atoe kodi, nauli na matumizi ya wadogo zake. Na huyo ana ajira! Mwenziwe waliyemaliza pamoja anauza pweza jioni, deni liko palepale.

Mkopo urejeshwe, na wengine wasome. Lakini asiye na kazi apewe muda, jamani, na wanafunzi wakiomba kuonana na viongozi wafunguliwe mlango.

Mzazi,
Wete, Pemba