Barua kwa vijana mnaopeleka vitabu kambini kwa wakimbizi

Wanangu,

Picha za uzinduzi wa maktaba yenu nimeziona: utepe umekatwa, rafu zimejaa, mmepiga makofi. Mwezi haujaisha, kabati limetiwa kufuli, ufunguo anao mratibu, na mratibu yuko semina. Mkiulizwa mnajibu, "Watavipoteza." Basi mmejenga stoo mkaiita maktaba.

Kitabu cha kuazimwa hupotea, sembuse kwa watu wanaohamishwa usiku. Tengeni fungu la kununua vingine tangu mwanzo. Daftari moja linatosha: jina, namba ya hema, namba ya kitabu, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Namba iandikwe kwa wino kwenye ukurasa wa jina la kitabu, na tena ukurasa wa 17, maana jalada ndilo hutangulia kung'oka. Muda uwe wiki mbili. Faini msitoze. Na kitambulisho msidai! Mtu kakimbia nyumba ikiungua, nanyi mnamtaka kitambulisho ndipo mwanawe asome hadithi? Jirani wa hema amdhamini kwa mdomo, yatosha. Ufunguo akae nao mkazi wa kambi, na saa za kufungua zibandikwe mlangoni, hata zikiwa mbili tu kila jioni. Mtoto akikuta pamefungwa mara mbili, ya tatu haji.

Mengine kwa ufupi. Vitabu viwe vya lugha wanayozungumza nyumbani. Boksi lisizidi kilo 15. Rafu ya chini iinuliwe sentimita 15 na isiguse ukuta. Kitabu kikilowa, ukungu waweza kuanza ndani ya saa 48: kisimamisheni kivulini penye upepo, kurasa ziachane, juani kitajikunja. Miongozo ya kodi iliyopitwa na wakati mrudishieni aliyeitoa, naye aone haya.

Wapo wanaosema mwenye njaa hana haja na kitabu. Mwaka 1946, Ujerumani ikiwa magofu, mwandishi wa habari Jella Lepman aliomba vitabu vya watoto kutoka nchi 20, akafungua maonyesho Munich; mwaka 1949 ikazaliwa maktaba ya kimataifa ya watoto. Chakula kitangulie, sawa. Ila foleni ya chakula ikiisha, siku ya kambini bado ndefu, wanangu, na watoto wale wanaiona yote.

Wafadhili nao hupenda kulipia jengo, kwa kuwa jengo hubeba bango. Mkiandika ombi lijalo, posho ya mkutubi iwe mstari wa kwanza, vitabu wa pili. Jengo liacheni, hema litafaa.