Barua ya wazi kwa mkurugenzi wa mfuko wa utafiti: ruzuku ya mkutano isitoke kabla ya kujulikana nani atapokea malalamiko

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia hadharani kwa sababu fedha ninazozizungumzia ni za umma. Ofisi yako hulipia kumbi, nauli na malazi ya wanasayansi wanaokutana kujadili kazi zao. Ninaomba ruzuku hiyo isitolewe mpaka mwandaaji aeleze kwa maandishi nani atapokea malalamiko, na mlalamikaji atalindwa vipi.

Katika mkutano mmoja, mwanafunzi wa uzamivu alisimama kando ya bango la utafiti wake. Akaja profesa mwenye jina kubwa katika fani yetu, akasoma mistari miwili, kisha akaishika beji iliyoning'inia kifuani mwa dada yule kana kwamba anatafuta jina. Hakuiachia. Akamuuliza amefikia hoteli gani, chumba namba ngapi. Dada alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ubao. Mimi nilikuwa kwenye bango la jirani na nilisikia yote. Nikasogea, nikauliza swali la kubuni kuhusu jedwali lake, ndipo profesa akaondoka.

Jioni tulifungua pamoja kijitabu cha mkutano. Kanuni za maadili zilikuwamo, nusu ukurasa, zimeandikwa vizuri tu. Malalamiko yapelekwe kwa mwenyekiti wa kamati ya maandalizi. Na mwenyekiti huyo alikuwa mshirika wa profesa yule katika tafiti kadhaa. Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Dada alikifunga kijitabu bila kusema neno. Kesho yake bango lilikuwa bado limetundikwa, mwenyewe hayupo, na alikuwa amepangiwa kuzungumza mchana. Umma ulilipa nauli yake, na alichokuja kukisema hakuna aliyekisikia.

Ndiyo maana sikuombi kanuni nyingine ya kuchapishwa kijitabuni. Ripoti ya Akademia za Taifa za Marekani ya 2018 kuhusu unyanyasaji wa kijinsia katika sayansi ilionyesha kwamba kinachoashiria zaidi kuwa unyanyasaji utatokea ni watu kuona kuwa taasisi yao inauvumilia. Mwenye nguvu ya kuondoa uvumilivu huo ni anayeshika mkoba. Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo zililitambua hilo: kuanzia 2022 ziliwataka waombaji wa ruzuku za mikutano kuwa na mpango wa mazingira salama. Mwaka 2017 Umoja wa Jiofizikia wa Marekani ulikwenda mbali zaidi, ukaweka unyanyasaji katika kundi la utovu wa maadili ya kisayansi, sambamba na kughushi data. Nami naona ndipo mahali pake.

Kuna suala la nani anapewa kipaza sauti, na halitengani na hili. Waandaaji huwaita wanaowafahamu, na wanaowafahamu ni wale waliosoma nao na kusafiri nao. Matokeo yake jukwaa zima hujaa wanaume wa rika moja kutoka vyuo vilevile, na kijana aliyeumizwa hamwoni hata mtu mmoja wa kumwendea. Juni 2019 Francis Collins, akiongoza Taasisi za Taifa za Afya, alitangaza kwamba angekataa mialiko ya kuhutubia pale ambapo ratiba haionyeshi ujumuishi. Alipewa nafasi, akaitumia vizuri. Yako ni kubwa kuliko ya mhutubu, kwa kuwa bila saini yako mikutano mingi haifanyiki.

Basi fomu ya maombi idai jina la mpokea malalamiko asiye mwandaaji wala mshirika wa wazungumzaji wakuu. Idai pia maelezo ya namna wazungumzaji walivyotafutwa. Mkutano ukiisha, ofisi yako iletewe taarifa ya malalamiko yaliyopokelewa na hatua zilizochukuliwa, majina ya walalamikaji yakiwa yamefichwa. Asiyeleta taarifa asilipwe sehemu ya mwisho ya ruzuku.

Dada yule aliacha utafiti mwaka uliofuata. Jedwali lake bado ninalo.

Wako,
Mtafiti aliyekuwa kwenye bango la jirani