Boksi la maua linakuja kwa basi, soma hii kwanza

Shoga yangu kipenzi,

Habari za Dodoma, shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku Tanga wazima, joto ni lile lile. Nimeona meseji yako kwamba nyumba mpya kuta ziko tupu na unataka maua ya kuning'inia yashuke mpaka chini, unauliza ununue yapi. Shoga usinunue kitu. Kuna boksi nakutumia kwa basi, ndani kuna vipande vya mani planti, ule mmea wa kutambaa wenye majani ya kijani na mabaka ya njano, nimevifunga na gazeti bichi, kamba ya katani, na makumbi ya nazi niliyoyachambua mwenyewe, hivyo vinakutosha kabisa kuanzia.

Mana ukienda kwa wauza maua watakuonyesha ile ya vishanga vya kijani, nzuri kweli kwa macho lakini inataka mwanga mwingi na maji kidogo sana, ukizidisha tu inaoza kuanzia ndani hujui hata saa ngapi. Sio ya mtu anayeanza. Mani planti inasema mapema, ikishikwa na kiu majani yanalegea, unaipa maji jioni asubuhi yamesimama, kwahiyo unaisoma tabia yake taratibu na yenyewe inakusubiri.

Sasa shika hivi vipande uviangalie. Kwenye shina, kila palipotoka jani pana kifundo, na pembeni yake kuna kijizizi kifupi cha kahawia kimechomoza. Maisha yote yapo hapo kwenye kifundo. Jani peke yake ukiliweka kwenye glasi linaweza kukaa kijani miezi na hata likatoa mizizi ila mmea haliwi. Kwahiyo weka kwenye chupa au glasi, kifundo kiwe ndani ya maji, majani yawe nje, maji ubadilishe kila baada ya siku chache yasinuke, wiki mbili tatu hivi utaona mizizi, ikifika urefu wa kidole ndo unapanda.

Na hapa ndo nataka unielewe vizuri. Kipande kimoja kinatoa uzi mmoja. Ukipanda kimoja kwenye poti utakaa mwaka mzima una uzi mmoja mwembamba unaning'inia, utadhani mkono wako hauna baraka na wala sio hivyo. Ile minene unayoiona kwenye picha ni vipande vingi vimepandwa poti moja, halafu vinakatwa. Nimekuwekea vingi makusudi, vyote panda pamoja, na ukiona umeanza kurefuka huku juu kuna upara, kata hata kama roho inakuuma, kile ulichokata kirudishe kwenye maji kiote ukipande pale pale kwenye upara, na kule ulikokata kifundo cha nyuma kitaamka kitoe tawi jipya. Watu wengi wanaona huruma kukata na hiyo huruma ndo inafanya maua yao yawe malegevu. Unajua huu mmea karibu hauchanui kabisa? Asili yake ni kisiwa cha Mo'orea kule Polinesia, bahari ya Pasifiki, na mara ya mwisho kujulikana kwamba umechanua wenyewe kwa watu wanaoutunza ni 1964, mwaka 2016 watafiti wakaeleza sababu, kwamba hauwezi kujitengenezea homoni inayouchanulisha. Kwahiyo hii mani planti ya majumbani ni kipande cha kipande cha kipande, mtu kamkatia mtu, na yangu mimi alinikatia mama mkwe. Nikiwaza hivyo nafurahi sana moyoni.

Poti iwe na tundu chini, hilo usinibishie. Yale ya kung'aa ya dukani yasiyo na tundu nunua kama unayapenda lakini tumia kama kava, la ndani liwe la plastiki lenye matundu. Udongo mtupu wa uani unashikamana, changanya na samadi iliyoiva na hayo makumbi ili hewa ipite, mana mizizi inapumua pia, ikikaa kwenye maji inakosa hewa inaoza, na wanaoanza wengi wanaua kwa maji mengi kuliko kwa kusahau. Usiweke ratiba ya kusema kila Jumatatu na Alhamisi. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili, ukikuta pabichi acha, pakavu mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Majani ya chini yakianza kugeuka njano mengi kwa pamoja na udongo bado umelowa, punguza.

Dodoma sio Tanga ila. Huku hewa yenyewe ina maji, huko kukavu, upepo na vumbi, afu wengi wa huko wananiambia maji yao yana chumvi. Kama ya kwako nayo ni hivyo utaona ukoko mweupe juu ya udongo, basi mara moja moja mwaga maji mengi yapite yote yatoke na hiyo chumvi, na mvua zikianza Desemba kinga ndoo, hayo ni mazuri mno. Vumbi futa kwa kitambaa kibichi, jani lenye vumbi halipati mwanga. Ukavu unaleta utitiri, angalia chini ya majani kama kuna utando mwembamba na vidoa, osha na maji ya sabuni laini, usioshe mara moja tu, rudia. Na ule ubaridi wa Juni Julai mmea utasinzia, maji punguza zaidi na dirisha la usiku ufunge.

Mwanga weka karibu na dirisha lakini jua lisiupige moja kwa moja, la mchana linababua majani. Ukiwa penye mwanga hafifu hautakufa, ila mabaka ya njano yanapotea unabaki kijani kitupu na vifundo vinaachana mbali mbali.

Jambo lingine, na hili ni la lazima, mdogo wetu anatambaa sasa hivi na anatia kila kitu mdomoni. Utomvu wa mani planti unawasha vibaya mdomo na koo, paka vile vile, kwahiyo ning'iniza juu asipofika na ukikata okota vipande vyote chini.

Kuning'iniza kwenyewe sasa. Kama dari ni jipsamu usipigilie ndoano kwenye jipsamu yenyewe, poti likinywa maji ni zito, mwite fundi atafute mbao ya juu ndo afunge hapo. Kamba ya katani ni imara lakini isikae imelowa muda wote, italika.

Huu ukishakushika mkono ntakutafutia ile ya majani ya zambarau yenye mistari ya fedha, inaota haraka kuliko hata mani planti. Na baadae kabisa, ndoto yangu, tupate ya Usambara inayotambaa, mana yale maua madogo ya zambarau yanayouzwa Ulaya kwenye vipoti asili yake ni milima yetu hii hapa, na kuna aina ya Usambara Mashariki ambayo shina linarefuka na kushuka, nzuri hiyo mpaka inaumiza. Ila ile ya mstuni usije ukamwambia mtu aing'oe, inapungua, tutatafuta ya kuoteshwa.

Mpigie konda mapema boksi lisikae juani stendi. Na kabla hujamwita fundi niambie dirisha la sebuleni linaangalia upande gani, kama ni magharibi tutafute ukuta mwingine, jua la saa tisa la huko silipendi.

Msalimie shemeji, wabusu watoto.

Shoga yako wa Tanga