Risiti za mizigo ziandike kilichomo ndani na thamani yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya biashara ambayo wengi huidhania kuwa ni ya watoto, kumbe imekuwa riziki ya watu wazima si haba hapa Mombasa, nayo ni ya kuuza michezo ya video iliyokwisha kutumika na kuituma kwa wateja walio nje ya mji. Nina duka dogo Majengo, lenye meza moja ya kioo na rafu mbili, na siku hizi diski nyingi ninazouza hazinunuliwi na mtu aliyesimama mbele yangu, bali na mtu aliyeko Lamu, Voi, Malindi au Nairobi, ambaye ameona picha kwenye simu yake, akatuma pesa, na sasa anangoja. Wenzangu wengi huamini kwamba ukitaka diski ifike salama ni lazima ulipe nauli kubwa. Mimi naona sivyo. Nauli ndogo inatosha kabisa. Kinachotuponza ni namna tunavyofunga mzigo, na zaidi ya hapo, jinsi risiti ya mzigo inavyoandikwa pale kaunta.

Niliyasoma haya kwa hasara. Wakati wa kaskazi iliyopita nilimtumia mteja wa Lamu diski tatu za mashine ya michezo ya PlayStation 4, kila moja ndani ya kasha lake la plastiki, zote zimetiwa katika bahasha moja ya kaki na kupigwa selotepu juu na chini. Bahasha ile ilitupwa katika buti ya basi, ikalaliwa na katoni za vigae njia nzima hadi Mokowe, kisha ikavushwa kwa boti. Jioni yake mteja alinitumia video. Alilishika kasha moja karibu na sikio la simu akalitikisa, nikasikia mlio kama wa njugu ndani ya kopo. Alipolifungua niliona kwamba vijino vya kile kitovu kinachoishika diski katikati vimevunjika vyote, diski imechomoka, na vipande vya plastiki vimekuwa vikiikwaruza tangu alfajiri. Makasha mawili yalikuwa hivyo. La tatu lilisalimika, nadhani kwa sababu lilikuwa katikati.

Nilimrudishia kijana wa watu pesa zake, kisha nikaenda ofisi ya mizigo na risiti yangu mkononi. Karani hakuwa mtu mbaya, alinikaribisha na kiti. Aliitazama risiti, akaniuliza bahasha hiyo ilikuwa na nini, nami nikamjibu kwamba angepaswa kunieleza yeye. Risiti ilisema “Bahasha 1”, basi. Kilichomo hakikuandikwa, wala bei yake. Akaigeuza nyuma akanionyesha maandishi madogo yanayoeleza kwamba mzigo usiotajwa thamani hulipwa kiasi kidogo tu ukiharibika au ukipotea, na kiasi chenyewe hakingenunua hata kasha tupu. Nilipomuuliza kwa nini hawaandiki thamani tangu mwanzo, alinijibu kwa upole kabisa kwamba kisanduku cha maelezo kwenye risiti ni kidogo.

Kabla sijaendelea na jambo hilo la risiti, niwaeleze wenzangu kwa nini diski za siku hizi zinataka heshima zaidi kuliko zile za zamani. Diski zote hizi zina unene wa milimita 1.2, lakini ndani yake hazifanani. Katika DVD, ambayo ndiyo diski ya michezo mingi ya PlayStation 2, tabaka lenye data liko katikati ya unene, milimita 0.6 kutoka upande unaosomwa, kwa hiyo mkwaruzo wa juu juu unaweza kusuguliwa kwa mashine ukatoka na mchezo ukaendelea. Diski za PlayStation 3, 4 na 5 ni za aina iitwayo Blu-ray, na tabaka lake la data liko milimita 0.1 tu chini ya uso huo. Zimepakwa utando mgumu wa kuzikinga, na kweli zinahimili kidole na vumbi, lakini mkwaruzo ukishaupenya utando huo hakuna pa kusugua, kwa maana ukisugua unaondoa kinga yenyewe. Mafundi wanaowaahidi wateja kwamba watailainisha diski ya PlayStation 4 kwa dawa ya meno wanajua wenyewe wanachokifanya.

Sasa hivi nafunga hivi. Nalifungua kasha, nakunja kipande kidogo cha kitambaa laini cha pamba, nakiweka juu ya diski pale katikati, kisha nafunga, ili kifuniko kiikandamize diski isichomoke kitovuni hata basi likiruka matuta. Halafu nakata vipande viwili vya kadibodi, kila kimoja kimezidi kasha kwa upana wa vidole viwili kila upande, nalibana kasha katikati yake na kupiga selotepu pande zote nne. Kule kuzidi ndiko kunakoliokoa kasha, kwa sababu mzigo ukianguka kwa pembe, kadibodi ndiyo inayobonyea. Kadibodi siinunui, maduka ya jumla ya karibu na Marikiti hutupa katoni za biskuti kila jioni, na ukiomba kwa adabu unapewa. Zikiwa diski mbili au zaidi naziweka katika kiboksi, na kila nafasi iliyobaki naijaza gazeti lililofinyangwa (samahani, Mhariri, lakini gazeti la jana lina kazi yake), hadi nikikitikisa nisisikie kitu. Mlio ukisikika, kazi haijaisha.

Mizigo ya kwenda Lamu nina hofu nayo zaidi kwa ajili ya maji ya chumvi. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku mwezi Agosti 2017, ile nailoni nyembamba tuliyokuwa tukizungushia haipo tena, nami silalamiki, maana mitaro yetu imepumua. Badala yake nazungushia selotepu pana juu ya karatasi yote, hasa juu ya jina na nambari ya simu, kwa kuwa wino wa kalamu ukipata unyevu unyevu wa Pwani hutambaa hadi nambari 3 ikawa 8. Ndani ya kiboksi naweka karatasi ya pili yenye jina na simu zile zile, ili ya nje ikibanduka mzigo usiwe yatima. Kwa michezo ya zamani ya katriji, yaani ile inayochomekwa kwenye mashine badala ya diski, ambayo ina meno ya shaba yanayoshika kutu, naongeza kimojawapo cha vile vifuko vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Jirani yangu muuza viatu alikuwa akivitupa, sasa ananiwekea kwenye kopo.

Mzigo uliofungwa namna hii hauna uzito wa kutisha. Diski yenyewe ina gramu kama 16, na kwenye mizani yangu diski na kasha lake havifikii gramu 100. Ukiongeza kadibodi bado uko mbali sana na kilo 2, ambayo ndiyo kikomo cha vifurushi vidogo katika utaratibu wa posta wa kimataifa. Kwa hiyo nawashangaa wenzangu wanaokimbilia huduma ya haraka ya bei kubwa kwa kitu chenye uzito wa maembe mawili. Kwa mteja asiye na haraka, bahasha iliyosajiliwa pale Posta ya Digo Road inatosha, mradi mteja awe na sanduku la posta au akubali kwenda kuichukua. Kifurushi cha kwenda nje ya nchi kilichosajiliwa hupewa namba yenye herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi, yaani KE kwa sisi, na kwa namba hiyo mteja anaweza kukifuatilia mwenyewe badala ya kunipigia simu usiku. Kwa aliye na haraka, basi la usiku kwenda Nairobi hufikisha asubuhi. Boda boda wa kuvuka mji nawatumia kwa Kisauni na Bamburi tu. Kwa Likoni, kivuko kikiwa na foleni, naona ni afadhali mteja mwenyewe avuke.

Mashine zenyewe ni habari nyingine. PlayStation 4 ya kwanza ina kilo 2.8 na PlayStation 5 ya kwanza yenye mlango wa diski ina kilo 4.5, kwa hiyo hizo si vifurushi vidogo tena. Toeni diski iliyobaki ndani kabla ya kufunga, na andikeni namba ya mashine iliyo nyuma yake kwenye risiti, kwa sababu namba hiyo haifanani na ya mashine nyingine na ndiyo itakayowaokoa mtu akirudisha mashine tofauti na mliyomtumia. Pedi nyingi za kuchezea zisizo na waya zina betri za lithiamu, na betri hizo zina masharti yake zikipanda ndege. Anayetuma nje aulize kaunta kwanza badala ya kuzificha katikati ya nguo. Anayetuma nje pia ajaze fomu ya forodha kwa ukweli. Kuandika “zawadi” juu ya kitu kilichouzwa ni uongo, na thamani ndogo uliyoiandika ili mteja akwepe ushuru ndiyo hiyo hiyo utakayolipwa mzigo ukipotea.

Kosa jingine linalotugharimu nauli mara mbili ni la kutouliza mteja ana mashine gani. Diski za PlayStation 2 zimefungwa kwa kanda, yaani kwa maeneo ya dunia zinakouzwa, na diski iliyotengenezwa kwa soko la Marekani haitaki kuchezwa kwenye mashine ya kanda yetu ambayo fundi hajaiondolea kizuizi hicho. Nimeshawahi kupokea diski iliyorudishwa kutoka Voi kwa sababu hiyo, salama salimini, haina hata alama, na nauli ya kwenda na kurudi nikailipa mimi.

Narudi kwenye risiti, kwa kuwa hapo ndipo penye kilio changu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ofisi zetu nyingi za mizigo pale Mwembe Tayari zinaendesha mali za watu kwa neno “bahasha” na neno “boksi”. Sisi wauzaji nasi tuna lawama. Wengi wetu hatutaki kutaja thamani tukiogopa kuongezewa nauli, na wengine huogopa kwamba neno “geimu” likionekana kwenye mzigo litawavutia wenye mikono mirefu. Hofu hii ya pili ina msingi, na dawa yake ni kwamba maelezo yaandikwe kwenye risiti na kwenye kitabu cha ofisi, si juu ya boksi. Nje ya boksi iwepo namba ya mzigo, jina moja na simu. Hakuna haja ya kila abiria anayengoja basi kusoma kwamba ndani yake mna PlayStation, wala kusoma namba ya kitambulisho cha mteja wangu, ambayo kuna ofisi huiandika kwa kalamu nene ubavuni mwa mzigo kana kwamba ni bei ya nyanya.

Ninachoziomba ofisi hizo ni mistari miwili tu katika risiti: mmoja wa kilichomo, mmoja wa thamani iliyotajwa na mtumaji, na kiwango cha fidia kisomwe kwa mtumaji kabla hajalipa badala ya kumngoja nyuma ya karatasi. Kama kutaja thamani kunaongeza nauli kidogo, tuambiwe ni kiasi gani, tuamue wenyewe. Vilevile mpokeaji aruhusiwe kufungua mzigo pale pale kaunta mbele ya karani, huku akirekodi kwa simu, kabla ya kutia sahihi kwamba ameupokea salama. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo hutoa leseni kwa wasafirishaji wa vifurushi, ingetusaidia sana kama ingelifuatilia jambo hili huku Pwani.

Kuhusu malipo sina mengi. Mimi hupokea nusu kabla ya kufunga mzigo na nusu nikishamtumia mteja picha ya risiti, na kila mara naangalia salio langu mwenyewe, kwa sababu ujumbe wa kughushi unaofanana na wa M-Pesa mtu yeyote anaweza kuuandika. Kabla ya kufunga napiga picha uso wa diski ukiwa umeinamishwa kwenye mwanga, ili mikwaruzo iliyokuwapo ionekane. Mteja akiiona picha hiyo mapema hatuna cha kubishania baadaye.

Kesho asubuhi nina diski mbili za kwenda Voi. Zimeshafungwa, nimezitikisa na hazilii, na kilichomo pamoja na bei nimekiandika kwenye kikaratasi ili karani anakili tu. Akiniambia tena kwamba kisanduku cha risiti ni kidogo, nimebeba kalamu yenye ncha nyembamba.

Wako,
Muuza michezo ya video,
Majengo, Mombasa.