Kura haikufuta deni la pensheni San Diego

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika barua. Ile habari ya San Diego, California, iliyosifu wananchi kwa kupunguza pensheni za watumishi wa jiji kwa kura, imenishinda. Mwandishi wenu aliishia Juni 5, 2012, siku ya kura, kana kwamba kazi ilikwisha jioni ile.

Ni kweli Pendekezo B, ndilo lililopigiwa kura siku hiyo, lilipita kwa karibu theluthi mbili ya kura. Waajiriwa wapya, isipokuwa polisi, walinyimwa pensheni ya maisha wakapewa akaunti ya akiba: mtumishi anachangia, jiji linachangia, fedha zinawekezwa, na soko likianguka hasara ni ya mtumishi. Lakini watumishi wa San Diego walikwisha kujitoa kwenye hifadhi ya jamii ya taifa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo askari wa zimamoto aliyeajiriwa 2013 hakuwa na pensheni ya uhakika kwa kazi yake, si ya jiji, si ya taifa. Hilo halikuandikwa.

Na deni? Halikufutwa! Deni la pensheni ni mafao ambayo watu wamekwisha kuyafanyia kazi. Kumbana atakayeajiriwa kesho hakulipunguzi hata senti moja. Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1996, na tena 2002, jiji na mfuko wake wa pensheni walikubaliana kwamba jiji lichangie pungufu ya kiwango kilichokokotolewa na wataalamu, na papo hapo mafao yakaongezwa. Shilingi isiyoingia kwenye mfuko wa pensheni haizai faida, kwa hiyo pengo la mwaka huu linabeba na faida iliyopotea ya mwaka jana, na ya mwaka juzi. Mwaka 2006 mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji Marekani ikabaini kuwa jiji liliwapotosha wanunuzi wa hatifungani zake, yaani waliolikopesha, kuhusu hali hiyo. Aliyekwepa kuchangia ni mwajiri, aliyekatwa ni mtumishi ambaye wakati huo alikuwa bado shuleni, na gazeti linaita hayo mageuzi.

Kisha mahakama. Meya Jerry Sanders alilipigia debe pendekezo hilo bila kukaa kwanza na vyama vya wafanyakazi, kama sheria ya jimbo inavyomtaka mwajiri. Agosti 2018 Mahakama ya Juu ya California ikasema jiji lilikosea, na 2021 pendekezo likabatilishwa. Kumrudisha mtumishi mmoja kwenye pensheni aliyonyimwa si kubadili jina kwenye orodha: unahesabu miezi yake yote ya kazi, unakokotoa michango ambayo ingelipwa, unaipambanisha na kilichomo kwenye akaunti yake, unaweka riba, halafu unamtafuta aliyeacha kazi. San Jose, jiji jingine la California, nao walipiga kura ya kupunguza pensheni siku hiyohiyo ya 2012, na 2016 wakarudi kwenye sanduku kubadilisha walichopitisha.

Gazeti lako lina tabia hiyohiyo kwa kikokotoo chetu, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, hapa Tanzania. Mnaandika "asilimia 33" au "asilimia 40" mnanyamaza, wakati mstaafu anahitaji namba tatu: kigawanyo (mshahara wa mwaka mara miezi ya kazi, ukigawa kwacho, ni pensheni ya mwaka), kizidisho cha mkupuo, yaani cha malipo ya mara moja, na asilimia ya pensheni ya mwaka inayogeuzwa kuwa mkupuo. Chukua mshahara wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi na miezi 360 ya utumishi. Kwa kanuni ya zamani ya 1/540, 15.5 na asilimia 50, mkupuo ni 74,400,000 na pensheni ya mwezi 400,000. Kwa 1/580, 12.5 na asilimia 33, mkupuo ni takriban 36,869,000 na pensheni ya mwezi 499,000. Kwa asilimia 40, namba nyingine mbili zikibaki hizo, ni 44,690,000 na 447,000. Mkupuo umepungua kwa sababu namba zote tatu zimebadilika, nanyi mmetaja moja.

Ninaomba mambo mawili. Chapisheni hesabu hiyo kwa jedwali, mstari kwa mstari, kila mnapoandika habari ya pensheni. Na mkishawishi wananchi popote wapigie kura pensheni, swali liwe hili: je, mwajiri akatazwe kuongeza mafao mwaka wowote ambao hajaweka mchango wake wote kwenye mfuko wa pensheni? San Diego hawakuulizwa hivyo 1996.

Mhasibu wa mafao,
Dodoma