Kile kitabu cha kijani

Mwanangu,

Hatujambo, ila presha ya mama yako ilipanda tena juzi. Mdogo wako amenionyesha kwenye simu picha uliyoweka: umeshika Kitabu cha Kijani cha Gaddafi, chini umeandika kwamba bunge ni kiini macho. Umeipanga hoja vizuri, sikatai, hilo umerithi kwangu. Lakini usiku sikupata usingizi.

Najua umefurahia pale anaposema nyumba ni ya anayeishi ndani yake, maana wewe umepanga na kodi inakutoa jasho. Ila nikuulize: huko Libya nani alimjibu? Kitabu kilianza kutoka 1975. Sheria ya kumuua mtu kwa kuunda chama ilikuwepo tangu 1972. Kitabu gani hicho, msomaji akikibishia anauawa? Mwaka 2011 Walibya walikichoma hadharani, walewale waliokaririshwa shuleni.

Machi 1979 tulipigana Lukaya, Uganda, na askari ambao Gaddafi alimtumia Idi Amin. Mateka mmoja alikuwa rika langu, buti mpya kabisa, analia kwa Kiarabu. Kitabu kinasema madaraka ni ya wananchi. Yule nani alimuuliza kama anataka kuja kufia Uganda?

Na bado, miaka ya themanini nilipopewa bure nikakisoma kwa kibatari mpaka alfajiri, nikakiweka kwenye sanduku pamoja na medali. Usinicheke. Ndimo ulimokitoa bila kuniomba.

Mama yako anasema tabia ya kuamini sauti moja hukuiokota chuoni. Eti hapa nyumbani nani aliwahi kunijibu? Basi, hayo tuyaache.

Soma, sijakukataza. Ila kila ukurasa ujiulize nani alimjibu, na hiyo picha uitoe kabla hujaondoka kwenda mafunzo kazini. Wakubwa wa kazi nao wana simu.

Kahawa tumeanua, bei bado wanazungusha. Bati la jikoni limeng'oka upande wa migomba. Nimekutumia elfu hamsini, ununue godoro, si vitabu.

Jirani amesogeza mpaka tena na mwenyekiti wa kitongoji anataka karatasi ya mauziano ya shamba. Imo humohumo kwenye hicho kitabu, karibu na jalada la nyuma. Kilete mwenyewe, usimpe kondakta wa basi, na usikitikise.

Baba yako