Upanuzi wa uwanja wa ndege Mwanza usiishie kwenye fensi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako na mimi niseme la moyoni kuhusu uwanja wetu wa ndege hapa Mwanza. Mimi ni mkazi wa Ilemela, nimekaa upande huu tangu niko darasa la tatu, enzi hizo tukisikia mngurumo tunatoka mbio nje kuangalia matairi yanavyoshuka, kwa hiyo hili jambo sijalisoma mahali, ni la hapa hapa nyumbani. Kila upanuzi ukitajwa tunasikia watalii, jengo jipya la abiria, ndege za kimataifa kutua moja kwa moja. Ni sawa kabisa na naunga mkono kwa nguvu zote. Ila naona tunaongelea robo tu ya faida. Faida kubwa kwa sisi majirani na kwa ziwa letu la Victoria ipo kwenye vitu ambavyo havitajwi kwenye hotuba, yani chumba cha baridi, mitaro ya maji, takataka na boti ya uokoaji, na vitu hivyo visipoandikwa kwenye mkataba toka siku ya kwanza ndo imetoka hiyo, baadaye tutaambiwa bajeti imeisha.

Nianze na samaki maana huo ndio ugali wetu. Nimewahi kuwa kibarua wa kupakia minofu ya sangara. Asiyeifanya kazi hiyo hawezi kujua, unabeba maboksi meupe mpaka vidole vinakufa ganzi, maji ya barafu yanakuingia kwenye gambuti, na huruhusiwi kusimama maana mlango wa gari ukikaa wazi baridi inatoka. Gari likijaa linafungwa, linapigwa sili, linaondoka jioni kwenda Sirari mpakani na Kenya, linakatiza mpaka na kwenda hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 600, huko ndo samaki anapandishwa ndege kwenda Ulaya. Yani samaki kavuliwa huku Ukerewe, kachakatwa hapa mjini, halafu anasafiri usiku kucha akatafute ndege nchi jirani wakati ranwei ipo hapa hapa mtu anaenda kwa bodaboda. Siku moja gari tulilopakia liliharibika njiani, mashine ya baridi ikazima, mzigo ukakataliwa. Vibarua wote hatukulipwa siku ile, tuliambiwa hasara ni ya wote. Nilirudi nyumbani kwa nauli ya kukopa na watoto wakalala na uji.

Wakubwa zangu wanakumbuka zile ndege za mizigo za Ilyushin zilizokuwa zinatua hapa kuchukua minofu, madirisha yalikuwa yanatetemeka mtaa mzima. Kwa hiyo kubeba samaki kwa ndege kutoka Mwanza sio ndoto, kumewahi kufanyika. Na Juni 2023 nchi yetu ilipokea ndege ya mizigo aina ya Boeing 767 yenye uwezo wa kubeba tani 54, kwa hiyo hata hatuanzii sifuri. Kinachotakiwa ni chumba cha baridi cha uhakika pale pale uwanjani, chenye jenereta ya akiba, na sehemu ya ukaguzi ambapo karatasi zote zinamalizika chini ya paa moja.

Sasa hapa ndo mazingira yanapoingia. Watu wanasema ndege inachoma mafuta mengi, kweli inachoma, siwezi kubisha. Lakini huyu samaki anapanda ndege vyovyote iwavyo, tofauti ni kwamba kwa sasa kabla hajapanda keshachomewa dizeli ya lori usiku kucha, na mashine ya baridi juu yake nayo inachoma yake. Ukiikata ile safari ya barabarani umepunguza moshi, umepunguza malori usiku kwenye vijiji vya njiani, na samaki anafika akiwa freshi zaidi maana yake bei nzuri zaidi kwa samaki yule yule. Hiyo ndio faida ninayoitaka mimi, bei kupanda bila kuvua zaidi. Maana hofu ipo, soko likifunguka watu watakimbilia kuvua hata samaki wachanga. Sheria yetu inasema sangara wa kuvuliwa asiwe chini ya sentimita 50, wale wadogo waachwe wakue, basi pale uwanjani pawe na mtu wa uvuvi mwenye rula, na mabondo, yani vile vibofu vya hewa vya tumboni mwa sangara, yapimwe pale pale, maana mabondo yana hela nyingi na ni rahisi kufichwa. Uwanja ukikaa vizuri unaweza kuwa mlinzi wa ziwa kuliko doria za kukimbizana usiku.

Kitu kingine ni maji. Chukua ranwei ya urefu wa kilomita 3 na upana wa mita 45, hiyo ni mita za mraba 135,000 za lami tupu. Ikinyesha mvua ya milimita 30, na hapa kwetu mvua ya hivyo ni ya kawaida tu mwezi wa nne, lita zaidi ya milioni 4 zinateremka kwa wakati mmoja, bado hujahesabu maegesho ya ndege, mapaa na barabara za ndani. Maji hayo lazima yaende mahali. Yakiachiwa yanapita kwenye mashamba ya mihogo na kwenye nyumba za watu, yanaondoka na udongo na mafuta yaliyomwagika na kila mfuko wa nailoni uliopo njiani, halafu yote yanaishia ziwani, na ziwa hilo hilo ndo tunachota maji ya kunywa. Jirani yangu mvua zikianza anaweka viroba vya mchanga mlangoni, kila mwaka, ana alama ya maji kwenye ukuta wa sebule kama ya kupima urefu wa mtoto. Ukipanua uwanja bila mitaro unampandishia ile alama. Ukipanua na mitaro mizuri, mabwawa ya kupunguza kasi ya maji na sehemu ya kuchuja mafuta kabla hayajafika ziwani, umemwokoa, tena maji ya mapaani ukiyavuna yanatosha kumwagilia, kuoshea na vyoo bila kugusa ya bomba. Yale mafunjo ya kando ya ziwa nayo yasifyekwe kwa kisingizio cha kusafisha mandhari, mafunjo ndo chujio letu la bure, samaki wadogo wanajificha humo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na inataka tathmini ya athari ifanyike kabla mradi haujaanza. Kabla, sio greda likiwa limeshaingia.

Takataka nazo. Kiswahili chetu kinaita ndege yule wa chuma na yule wa manyoya kwa jina moja, na wawili hao wakikutana angani ni hatari, manyoya yakivutwa kwenye injini ndege inaweza kupoteza nguvu wakati inapaa. Na Mwanza kila mtu anawajua wale korongo wakubwa wenye kipara na mfuko unaoning'inia shingoni, ukitupa utumbo wa samaki hata kwenye kona gani dakika 5 hazipiti wameshafika. Nimewahi kuwahesabu 17 kwenye rundo moja la taka nyuma ya vibanda vya kukaangia mapanki, yani mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki minofu ikitolewa, wamesimama tu wanasubiri, mama anamwaga ndoo, wanagombania, wengine wanaruka na kuelekea huko huko zinakopita ndege. Miongozo ya kimataifa ya usafiri wa anga inataja duara la kilomita 13 kuzunguka uwanja ambamo dampo halitakiwi. Dampo letu la Buhongwa liko mbali, shukrani, lakini rundo la mtaani halisubiri kuitwa dampo, korongo hajali jina. Kwa hiyo usalama wa ndege unaanzia kwa mama wa mapanki, naye anahitaji pipa lenye mfuniko, gari la taka linalopita kila siku na sehemu ya kupeleka utumbo na magamba yakageuzwe chakula cha kuku. Hizo ni ajira kwa vijana wetu na ni mtaa kuwa msafi na kipindupindu kukaa mbali. Mkandarasi akiambiwa aweke hilo kwenye gharama za mradi ataweka, ni hela ndogo sana ukilinganisha na lami. Na miti ikipandwa kuzunguka fensi, naomba isiwe mizambarau wala mikuyu maana popo na ndege wa matunda watahamia hapo hapo.

Sasa naomba nikae kidogo kwenye uokoaji maana hili linaniuma. Machi 2005 ndege ya mizigo aina ya Ilyushin iliruka kutoka uwanja huu huu ikiwa na shehena ya samaki ikadondoka ziwani muda mfupi baada ya kuruka, watu wote 8 waliokuwemo walifariki. Halafu Novemba 6, 2022 sote tuliona Bukoba, ndege ya abiria yenye watu 43 ikaingia ziwani karibu kabisa na uwanja, 19 wakatutoka na 24 wakapona. Waliofika kwanza ni wavuvi. Kijana Majaliwa Jackson alipiga mlango kwa kasia. Kasia! Watu walivuta ile ndege kwa kamba na mikono yao. Mimi nilikuwa kwenye kibanda cha tiivii mtaani, hakuna aliyekuwa anaongea, wazee wanafuta machozi kwa migongo ya mikono. Uwanja wetu nao ni jirani wa ziwa, kwa hiyo upanuzi wowote unaohesabu magari ya zimamoto tu bila kuhesabu boti haujatuangalia vizuri. Nashauri iwekwe boti ya mwendo kasi yenye zamu saa 24, na wavuvi wa mialo ya karibu, yani pale boti za uvuvi zinapotia nanga, wafundishwe mara mbili kwa mwaka namna mlango wa ndege unavyofunguliwa kwa nje, wapi pa kupiga na wapi hapapigwi, wapewe maboya, kamba na namba moja ya simu ya kupiga. Maboya hayo yatawasaidia hata siku ambazo hakuna ndege yoyote iliyoanguka, maana ziwa linaondoka na wavuvi wetu kila mwaka na wengine hata maiti hazipatikani.

Kuhusu umeme nitasema kwa kifupi. Pale Mombasa uwanja wa Moi uliwekewa umeme jua wa kilowati 500 mwaka 2018, ndege ikiegeshwa inachomekwa umeme wa chini badala ya kuunguruma kwa ile injini ndogo ya mkiani, moshi hakuna na kelele imepungua. India uwanja wa Cochin unajiendesha kwa jua tangu 2015. Mwanza jua tunalo na mapaa yatakuwepo, sioni sababu ya kujenga jengo jipya halafu tukaja kuongeza sola miaka 10 mbele kwa gharama mara mbili.

Halafu fidia, hapa naomba wahusika wanisikilize kama ndugu. Shangazi yangu nyumba yake iliwekwa X nyekundu kwenye mradi mmoja wa umma, sio huu wa uwanja na siutaji. Aliambiwa asiongeze chumba, asipande mti wa kudumu, asikarabati. Akakaa hivyo miaka, paa likavuja akalitega sufuria, mpangaji akahama, benki ikakataa kumkopesha. X ile ilimmaliza kuliko kuvunjiwa kwenyewe. Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inasema fidia ikicheleweshwa zaidi ya miezi 6 inalipwa na riba, na uthamini wenyewe unadumu miaka 2 tu. Basi ifuatwe hivyo hivyo. Watu wa Shibula na mitaa mingine ya jirani na uwanja hawaupingi upanuzi, wanachotaka ni kujua mpaka unapita wapi ili mtu ajue kama apande mwembe au afungashe. Mtu akilipwa mapema na hela inatosha kununua kiwanja kingine anahama kwa amani, watoto wanahamishwa shule kwa mpangilio, na mradi haukwami mahakamani. Na huyo aliyebaki nje ya fensi apewe nafasi ya kwanza kwenye ajira zisizohitaji vyeti vikubwa, na vibanda vya mama lishe na kituo cha bodaboda na bajaji vichorwe kwenye ramani, tusisubiri wajipange barabarani halafu waje mgambo.

Na zile taa za kuongoza ndege kutua usiku zisisahaulike. Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima, mgonjwa wa dharura anayeletwa kwa ndege hapangi saa ya kuumwa.

Ombi langu la mwisho ni dogo. Mkutano wa wadau ukiitishwa, tangazo lisibaki kwenye mbao za ofisini tu, libandikwe mwaloni na kwenye vibanda vya mapanki, na tarehe ipangwe siku za mbalamwezi, maana siku hizo wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, wapo nchi kavu wanashona nyavu, na hao ndo wanaojua maji yanapita wapi mvua ikinyesha.

Mkazi wa Ilemela,
Mwanza